Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: naomba fomu ya mtendaji iwe na sehemu ya tatu

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Dodoma

Nakala: Ofisi ya Rais – TAMISEMI, Kamishna wa Elimu, Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania

YAH: KUTAMBULIWA KWA WATOTO WANAOSOMEA NYUMBANI NA KURUHUSIWA KUFANYA MITIHANI YA KITAIFA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka Mafinga, wilayani Mufindi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyeshika chaki miaka 9 kabla ya kuacha kazi katikati ya 2024. Mume wangu ni seremala, mtu wa Ukerewe aliyefuata mbao za Sao Hill huku nyanda za juu, nami nikamfuata. Tuna watoto wawili. Wa kiume ana miaka 10, wa kike ana miaka 7, na wote wawili wanasomea nyumbani. Mkubwa tulimtoa shule akiwa darasa la tatu. Mdogo hatujamwandikisha shule yoyote.

Najua uzito wa sentensi hiyo ya mwisho. Sheria ya Elimu ya 1978, Sura ya 353, inataka kila mtoto aliyefika miaka 7 aandikishwe elimu ya msingi na ahudhurie mpaka amalize. Mtendaji wa kata ameshafika kwangu mara mbili, mara ya pili akiwa na barua ya wito. Sikumficha kitu. Nilimkaribisha sebuleni, nikamwekea madaftari mezani, akakaa karibu nusu saa akimsikiliza binti yangu akisoma. Alipoinuka akasema, "Mwalimu, mimi naona mtoto anasoma. Lakini fomu yangu ina sehemu mbili tu: yuko shule, au mtoro."

Ombi langu liko hapo, Mheshimiwa. Naomba fomu ile iwe na sehemu ya tatu.

Nianze na mkubwa, maana habari yake ndiyo rahisi kueleweka. Ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, wanakadiriwa kufika 11,000 kila mwaka, kwa hiyo hapa siongelei mtoto mmoja wa ajabu. Mtoto mwenye selimundu anatakiwa anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichoke kupita kiasi. Na akinywa maji mengi, chooni anakwenda mara nyingi. Sasa mkalishe katika darasa la watoto 112, mwalimu mmoja, choo kiko ng'ambo ya uwanja, ruhusa ni ya kunyoosha kidole. Mwanangu alikata shauri mwenyewe, bila kutuambia, kwamba asubuhi hanywi maji ili asisumbue. Chupa ilikuwa ikirudi nyumbani imejaa, nami nikawa namgombeza kwa usahaulifu. Miezi miwili nilimgombeza kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Na baridi ya Mafinga anayeijua anaijua. Juni na Julai nyasi zinaamka nyeupe. Mwezi Juni 2024, asubuhi ya Jumatatu, mwalimu wa zamu aliagiza wote waliovaa makoti yasiyo sare wayavue wakiwa mstarini. Mwanangu alivua lake, akalikunja, akaliweka miguuni, akasimama na shati na sweta jepesi mpaka matangazo yakaisha. Simchukii yule mwalimu. Zamu nimeshika mimi mwenyewe miaka yote hiyo, na ukisimama mbele ya watoto 900 unaona makoti, huoni aliye ndani ya koti. Usiku ule maumivu yakaanza kwenye miguu, yakapanda kiunoni. Tulilala wodini siku 6. Mwezi Machi alikuwa amelazwa vilevile, na aliporudi darasani jina lake lilikuwa limeshasomwa mstarini kati ya majina ya watoro. Kwa hiyo safari hii, siku ya nne, hata kabla hajaweza kukaa vizuri kitandani, aliniomba nimpigie simu mwalimu wake nimwambie yuko hospitali.

Baada ya kutoka wodini niliandika barua mbili kwa siku moja. Moja ya kuacha kazi, moja ya kumtoa mtoto shule.

Mpaka hapa watu wengi wananielewa. Majirani wananipa pole, na hata pale ofisi ya elimu nilisikilizwa kwa upole. Upole ule uliisha nilipomtaja mdogo wake. Afisa mmoja aliniuliza, "Huyo wa kwanza tungeambatanisha cheti cha daktari. Huyu mzima unamweka nyumbani kwa lipi?"

Lilikuwa swali la haki, nami sitalikwepa hapa kama sikulikwepa pale. Binti yangu yuko nyumbani kwa sababu tulichagua, mimi na baba yake, baada ya kukaa na kufikiri miezi kadhaa. Alijifunza kusoma akiwa na miaka 5, kwa kukaa pembeni ya kaka yake wakati mimi nafundisha, hakuna aliyemwita. Ulipofika wakati wa kumwandikisha darasa la kwanza nilikwenda naye mpaka shuleni. Nilisimama mlangoni pa darasa. Chumba kile nakijua hata nikifumba macho, si chenyewe hasa, lakini ndugu zake. Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, nilipokea watoto 174 wa darasa la kwanza katika chumba kimoja, na nilifurahi, nasema kwa moyo wangu wote, nilifurahi, kwa sababu nusu yao nilikuwa nikiwaona sokoni wakiuza karanga saa za masomo. Serikali ilifanya jambo kubwa. Lakini mwalimu aliyefundisha pale anajua hesabu yake. Kipindi cha dakika 40 ukikigawa kwa watoto 112, kila mtoto anapata sekunde 21. Nimezitumia sekunde hizo miaka 9. Najua zinatosha nini na hazitoshi nini.

Siwezi kulibomoa darasa lile wala sitaki. Ila kama nina muda, nina mafunzo ya ualimu, nina vitabu, na mtoto ni wangu, naomba niambiwe kosa langu ni lipi ninapomfundisha mwenyewe.

Nataka Mheshimiwa uione asubuhi yetu moja, kwa sababu nahisi watu wanaposikia "anasomea nyumbani" wanamwona mtoto amelala mpaka saa nne kisha anatazama katuni. Tunaanza saa mbili na nusu, tunamaliza saa sita. Tunafuata mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania, ule ulioanza Januari 2024, na vitabu vyake: Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili. Sanaa na Michezo wanafanya jioni na watoto wa mtaani, wale wanaotoka shule. (Wanaoniuliza watoto wangu watacheza na nani, waje saa kumi na moja wawatoe uwanjani kama wataweza.) Siku ya kliniki tunasomea ndani ya basi la Iringa, kilomita kama 80 kwenda na 80 kurudi, na huko ndiko alikojifunza kusoma ramani. Siku ya maumivu hatusomi kabisa.

Mwaka jana, mwezi wa tisa kama sikosei, mkubwa alikuwa karakana kwa baba yake akipanga mbao. Akachukua futi kamba akapima ubao wa mbili kwa nne. Akapima tena. Akauliza, "Baba, mbona huu unaitwa mbili kwa nne na haufiki mbili wala haufiki nne?" Baba yake akamweleza: jina ni la siku ulipopasuliwa, ukiwa mbichi, ukikauka unasinyaa, ukipitishwa randa unapungua tena. Ungedhani yameishia hapo. Mtoto akaomba mbao 20, akazipima moja moja wiki nzima, akachora jedwali, inchi upande mmoja na sentimeta upande wa pili, akajifunza kuzidisha kwa 2.54 bila kulia. Akatafuta wastani wa kilichopungua. Akapiga asilimia. Halafu akaja na swali ambalo sikuwa nalo katika andalio lolote la somo nililowahi kuandika: mteja anayelipia mbili kwa nne, ile sehemu iliyoliwa na randa anamlipa nani? Baba yake alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, wakakaa kwenye benchi wakapiga hesabu ya kitanda cha tano kwa sita kuanzia mbao hadi misumari. Mada ya wastani kitabuni ilipofika, ilimkuta ameshapita.

Sisemi kila karakana ni darasa wala kila baba ana subira ile. Nasema yaliyotokea.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike kwako badala ya kuendelea kunyamaza na kufundisha. Oktoba 2025 wenzake waliofuatana naye tangu darasa la kwanza walifanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Yeye hakufanya. Mwanzoni mwa mwaka huo nilikwenda kuulizia namna ya kumsajili. Nilianzia shuleni, nikaenda kwa Afisa Elimu Kata, nikaenda halmashauri, na kote jibu lilikuwa moja: mtahiniwa wa darasa la nne husajiliwa kupitia shule anayosoma. Mtoto namba ya PREM, ile inayomtambulisha mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, anayo tangu darasa la kwanza. Namba ipo kwenye mfumo, ila kiti hakina mtu, kwa hiyo hawezi kusajiliwa.

Mwalimu mkuu mmoja, mtu mwema, alinionea huruma. Akafunga mlango wa ofisi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ataliacha jina la mwanangu kwenye daftari la mahudhurio, mwalimu wa darasa ataweka alama ya yupo kila asubuhi, na Oktoba nitamleta afanye mtihani kama wengine. "Wako wengi wanaofanya hivyo, mwalimu, hata wewe unajua."

Najua. Nilikaa kwenye kile kiti nikiangalia lile daftari juu ya meza, jekundu, limekunjika pembe, sawa na madaftari niliyojaza kwa mkono wangu kila asubuhi kwa miaka 9. Mwaka 2016 taifa zima lilihangaika kuwasaka wanafunzi hewa. Kila jina la shule ya msingi linafuatwa na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo mwanangu angekuwa analipiwa kiti asichokikalia, chaki asiyoitumia. Na yeye mwenyewe ningemwambia nini? Somo lile linaitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Nilimshukuru mwalimu mkuu, nikaaga, nikatoka. Mwanangu hakufanya mtihani.

Mheshimiwa, hiki ndicho kinachoniumiza. Mzazi aliyekubali kudanganya, mtoto wake amefanya mtihani. Mzazi aliyekataa, mtoto wake ni mtoro. Utaratibu wa namna hii hauwazuii wazazi kufundisha nyumbani. Unawazuia kusema.

Na nchi hii haikosi njia. Baraza la Mitihani linamjua vizuri sana mtu anayeitwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kijana aliyeishia darasa la saba anaweza kusoma mwenyewe, akafanya Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na cheti chake kikasomeka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa 1975, imesomesha watu kwa masafa vizazi na vizazi. Chuo Kikuu Huria tumekuwa nacho tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Tulipoona watoto wengi wameikosa shule kwa wakati wake tulitunga MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, tukakubali kwamba masomo ya miaka 7 mtoto mkubwa anaweza kuyapata kwa miaka 3 nje ya utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo mtu mzima kusomea nyumbani ni bidii. Kijana kusomea nyumbani ni kujitegemea. Mtoto wa miaka 10 kusomea nyumbani ni utoro. Nimetafuta sababu ya kielimu ya tofauti hii na sijaipata.

Kuna jambo jingine linalohusu hadhi yetu kama taifa. Familia zenye uwezo, hasa mijini, zinaweza kununua mtaala wa kigeni, zikafundisha nyumbani, na mtoto akafanya mitihani ya Uingereza kama IGCSE kwa kujiandikisha mtahiniwa binafsi, almradi ada ilipwe. Mlango huo uko wazi. Mimi ninayefundisha kwa Kiswahili, kwa vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa mtaala ulioidhinishwa na ofisi yako, ndiye niliyefungiwa. Naomba hilo litazamwe kwa makini na kila anayeipenda lugha hii na mtaala huu.

Na mnakumbuka Machi 17, 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa msingi walirudi Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu serikali iliwaachia wazazi kazi hii, ikarusha vipindi redioni na kwenye televisheni, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikaweka vitabu mtandaoni. Mimi nilikuwa mwalimu bado. Shule zilipofunguliwa niliwapokea watoto wangu wa darasa la nne, na ukweli ni kwamba wengi walikuwa wamesahau, wachache walikuwa wamesonga mbele kuliko nilivyowaacha. Tofauti haikuwa fedha. Ilikuwa nani yuko nyumbani, na ana muda gani. Nikaandika hilo kwenye daftari langu na sikujua kwamba siku moja litanihusu.

Sasa nifike kwenye hofu iliyo nyuma ya sheria, kwa sababu ni hofu ya kweli na mimi ninayo pia. Ukisema leo kila mzazi anaweza kumweka mtoto nyumbani kwa neno lake tu, kesho kuna binti wa miaka 12 ambaye "anasomea nyumbani" na kumbe anachunga, au ameshatolewa mahari, au amefungiwa ndani ya nyumba ili majeraha yake yasionekane. Nimefundisha binti kama huyo. Aliokolewa na daftari la mahudhurio: siku ya tatu ya kutoonekana nilipeleka taarifa, mtendaji akaenda, harusi ikavunjwa. Daftari lile lilikuwa jicho pekee la serikali katika kijiji kile. Mtu akiniambia tulifute, nitakuwa wa kwanza kukataa, mimi mama wa binti.

Ndiyo maana siombi kuachwa. Naomba kuonekana. Hivi sasa mwenye nia njema na mwenye nia mbaya wote wamejificha mahali pamoja, na mtendaji wa kata hana namna ya kuwatenganisha kwa sababu wote kwenye fomu yake ni watoro. Mwenye nia njema akipewa mahali pa kujitokeza atajitokeza. Atakayebaki gizani ndiye wa kufuatwa.

Sehemu ya tatu ninayoiomba ingekuwa hivi. Mzazi anaandika barua kwa Afisa Elimu Kata kwamba mtoto atasomea nyumbani, anaeleza nani atafundisha na kwa mtaala upi. Mtoto anabaki na namba yake ya PREM, ila kwenye mfumo anasomeka anasomea nyumbani. Kila muhula Afisa Elimu Kata au mwalimu aliyeteuliwa anafika nyumbani, bila taarifa akipenda, anamwona mtoto kwa macho yake, anazungumza naye peke yake, anapitia madaftari. Hilo la kuzungumza naye peke yake lisiachwe. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi anafanya katika shule ya karibu, na mzazi analipia gharama kama watahiniwa wa kujitegemea wa Kidato cha Nne wanavyolipa. Asipofikia kiwango mara mbili, arudi shule. Asipoonekana, sheria ichukue mkondo wake. Nikishindwa mimi mwenyewe, basi nami nimeshindwa na mtoto arudi darasani. Nitamfunga vifungo vya sare kwa mikono yangu.

Jambo hili si geni Afrika. Afrika Kusini, sheria yao ya shule ya 1996 inampa mzazi nafasi ya kuomba mtoto asajiliwe kusomea nyumbani, na mkuu wa idara ya elimu wa jimbo ndiye anayeamua. Kenya, wazazi walilifikisha Mahakama Kuu. Mimi sitaki kukutana na serikali yangu mahakamani. Iliniajiri, imenisomesha ualimu, imewatibu watoto wangu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaniambia elimu ya mtoto ni wajibu wangu mzazi, imeiweka pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu. Chakula nampikia nyumbani na hakuna anayeniita mhalifu kwa kutompeleka hotelini. Tamko la Haki za Binadamu nalo, kifungu cha 26, linasema mzazi ndiye mwenye haki ya kwanza kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake. Naamini yote haya yanaweza kukaa pamoja na Sura ya 353 kwa kanuni moja fupi itakayosainiwa na Waziri, au hata waraka wa Kamishna kwa kuanzia, kwa wilaya chache za majaribio.

Wakati ndio huu. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka 6 na elimu ya lazima miaka 10. Watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa darasa la saba wa mtaala wa zamani. Vizazi viwili vitahitimu mwaka mmoja na kugombea madawati ya Kidato cha Kwanza Januari 2028. Mwanangu ni wa kundi hilo la 2024. Wakati mnapanga vyumba na walimu kwa ajili ya mwaka huo, na najua mnapanga, naomba pia mpange jinsi mtoto kama yeye atakavyohesabiwa. Ikifika usajili wa 2027 fomu ikiwa bado na sehemu mbili, atakuwa na miaka 12, anajua kupiga hesabu ya nyumba nzima ya mbao, na hana karatasi moja inayosema alisoma.

Kwa walimu wenzangu watakaosoma barua hii: naomba msione kwamba nimewakimbia. Kila asubuhi saa mbili na nusu ninapofungua daftari, nawakumbuka mkiwa mstarini. Kwa wazazi watakaoniuliza kama nao wawatoe watoto wao, jibu langu kwa wengi ni hapana. Kazi hii inakula siku nzima, inakula mshahara mmoja wa nyumba, na mtoto ambaye mzazi wake hatakuwepo yuko salama zaidi na mwalimu aliyechoka kuliko na televisheni.

Jina langu, anuani na namba ya simu vimo kwenye nakala niliyoifikisha kwa mkono masjala ya halmashauri. Mtendaji amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu nimwandikishe binti au nifike barazani. Nitafika barazani. Namba ya PREM ya mkubwa ninayo, madaftari ya wote wawili ninayo tangu Julai 2024, na lile jedwali la mbao 20 tumelibandika ukutani lakini nitalibandua nije nalo. Watoto nitakuja nao pia, mtawauliza mnachotaka. Kama ni Juni au Julai, naomba tu mwanangu aruhusiwe kuvaa koti lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto wawili
Mafinga, Januari 2026